Kabla masika hayajashika: kazi za miti ya matunda nyumbani

Mwembe wa uani ukishaangusha embe la mwisho, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, watu wengi huusahau mpaka uchanue tena. Kosa huanzia hapo. Kuanzia Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga na Unguja hadi Mombasa, wiki chache zilizopo kati ya joto la Februari na mvua za masika zina uzito mkubwa katika kuamua mti utabeba nini mwisho wa mwaka. Mvua zikishika, mti huchipua kwa nguvu, na kila ulichoufanyia hukua nao, kiwe kizuri au kibaya.

Kazi yote ina kanuni moja: kata kungali kukavu, lisha udongo ukishalowa. Anayekata mvua zimeshashika hufungua vidonda wakati vimelea vya ukungu vimejaa hewani na majini. Anayetia mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi midogo, au huiacha mbolea ipotee hewani. Walioko Mbeya, Njombe, Iringa na Songea, ambako mvua ni msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wahesabu kwa mvua zao na si kwa mwezi. Kwao matayarisho mengi huangukia Oktoba.

Zunguka mti kabla ya kugusa msumeno

Simama mbali kwanza, umbali wa urefu wa mti, uangalie umbo lake lote: upande upi umekonda, tawi lipi limekauka, wapi majani ni ya rangi tofauti. Kisha sogea karibu uangalie shina kuanzia ardhini hadi kwenye magawanyiko ya kwanza. Tawi ukilitilia shaka, kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kukiwa na kijani kibichi, li hai. Kukiwa na kahawia kavu, songa kuelekea shinani ukikwaruza mpaka ufikie kijani, maana hapo ndipo uhai ulipokomea.

Kundi la majani linaloonekana geni juu ya mwembe, mparachichi au mchungwa, yaani majani mazito zaidi, wakati mwingine na maua membamba mekundu, ni kirukia. Ndege hula tunda lake, mbegu ina ulimbo, inanata kwenye tawi na kuota hapo hapo. Kirukia hutengeneza chakula chake kwa majani yake yenyewe, lakini maji na chumvichumvi hunyonya kwa mwenyeji, na tawi lililo mbele yake hukonda mwaka hadi mwaka. Kukivunja kwa mkono hakusaidii, kwa sababu mizizi yake imeshaingia ndani ya mbao na itachipua tena. Kata tawi lenyewe, sentimita 30 au zaidi kuelekea shinani kutoka pale kilipojishika. Kikiwa kimekaa kwenye shina kuu ambalo huwezi kulikata, kichonge kila kinapochipua ili kisizae. Huo ni ulinzi wa mwembe wa jirani pia. Februari ndiyo nafasi nzuri ya kukitafuta, kwa kuwa miti mingine imepunguza majani na chenyewe kimebaki kijani.

Tazama pia vilivyofungwa kwenye mti: waya wa kuanikia nguo, kamba ya katani, mnyororo wa mbwa. Mti hunenepa, waya haunenepi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kwa njia ya gome la ndani, kwa hiyo waya ulioingia kwenye gome pande zote huua mizizi kwa njaa polepole, na mwenye mti hudhani ni ugonjwa. Ukatwe na kutolewa. Ukiwa umeshamezwa na mbao, kata sehemu zinazoonekana uache kipande kilichozama.

Kupogoa

Panga lifanye kazi zake nyingine. Kwenye mti hupasua mbao, huchana gome, na kidonda chake chenye nyuzi hushika maji. Unahitaji mkasi wa kupogolea kwa vijiti vya hadi unene wa kidole gumba, na msumeno wa kupogolea wenye bapa lililopinda kwa matawi makubwa. Unapotoka mti mmoja kwenda mwingine, hasa ukiwa na mti mgonjwa, futa makali kwa spiriti. Dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, nayo inafaa, ila inakula chuma: suuza na kupaka mafuta jioni.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Likianza kuanguka kabla hujamaliza, huchana gome la shina kwenda chini, na mchaniko huo ni mkubwa kuliko kidonda chochote ulichokusudia. Mikato iwe mitatu. Wa kwanza uwe chini ya tawi, sentimita 30 kutoka shinani, uingie kiasi cha theluthi ya unene. Wa pili uwe juu, sentimita 5 mbele ya ule wa kwanza kuelekea nchani, mpaka tawi lianguke. Hata likichanika, mchaniko utaishia kwenye mkato wa chini. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki.

Mkato huu wa tatu ndio unaokosewa zaidi. Angalia pale tawi linapotokea shinani: kuna uvimbe kama shingo, gome limekunjamana. Chembe zinazofunga kidonda ziko kwenye shingo hiyo. Kata nje yake tu, usiikate na usiache kisiki. Ukikata kwa kulingana na shina ili paonekane laini, umeondoa kile kinachoponya. Ukiacha kisiki cha sentimita 10, kitakauka, mchwa na ukungu watakitumia kama mlango, na uozo utashuka hadi moyo wa shina. Kidonda kilichokatwa vizuri hutengeneza pete inayojifunga kuelekea katikati. Hakihitaji rangi wala lami. Vitu hivyo huziba unyevu ndani na mara nyingi huchelewesha kupona.

Sasa mti kwa mti, maana haifanani.

Mwembe ndio wenye haraka zaidi. Unachanua kwenye ncha za vichipukizi vilivyokomaa, na chipukizi jipya linahitaji miezi minne au zaidi kukomaa. Mwembe wa Pwani huanza kuchanua Juni au Julai, kwa hiyo anayeukata Februari hadi mwanzoni mwa Machi anaupa muda wa kutosha. Anayekata Mei ameondoa maua ya mwaka huo. Toa vilivyokauka, matawi yanayosuguana, na matawi mawili au matatu yanayosimama wima katikati, ili jua la saa sita lipenye na kuacha madoa ya mwanga chini ya mti. Mwanga na hewa vikipita, majani hukauka haraka baada ya mvua, na chule, ule ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani, maua na maembe, hupungua bila dawa. Usizidishe robo ya majani yote kwa mwaka. Mwembe dodo mkubwa wa mita kumi na tano ushushwe kwa miaka mitatu, tawi kubwa moja au mawili kila mwaka, na matawi yaliyobaki wazi ghafla yapakwe chokaa, kwani gome lililozoea kivuli huungua na jua na kupasuka. Vaa mikono mirefu: utomvu wa mwembe huunguza ngozi na zaidi macho.

Mwembe mchanga una siri yake. Kila unapomaliza kuchipua huacha, kwenye ncha, pete ya macho yaliyosongamana. Ukikata juu ya pete hiyo, yatachipua matano au sita mahali pamoja na baadaye yatapasuliwa na upepo na uzito wa matunda. Ukikata chini ya pete, vichipukizi hutoka kwa kuachana. Fanya hivyo mche ukifika sentimita 80 hadi mita moja, uchague vichipukizi vitatu au vinne vinavyotazama pande tofauti, vingine uviondoe.

Mchungwa ni kinyume. Februari na Machi una machungwa machanga yaliyotokana na maua ya vuli, ambayo Muheza na kwingineko Tanga huvunwa kwa wingi katikati ya mwaka. Ukiupogoa kwa nguvu sasa unaangusha mavuno. Toa vijiti vikavu tu, na maotea yote yanayotoka chini ya pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Maotea hayo ni ya shina mama, kwa kawaida limao kali, yana miiba mirefu na nguvu nyingi. Yakiachwa miaka miwili hushinda, na ndiyo sababu ya malalamiko ya "mchungwa wangu umegeuka mlimao". Haukugeuka, sehemu iliyobebeshwa imekufa kwa kunyimwa chakula, shina mama limebaki. Maotea machanga yang'olewe kwa mkono kwa kuyavuta chini, maana yakikatwa kwa mkasi macho ya kitako hubaki na kuchipua mengine.

Mparachichi upogolewe kidogo tu baada ya mavuno yake, matawi yake yasiachwe wazi kwa jua, na ukipunguza, paka chokaa. Mpera na mdimu huvumilia mkono mzito, kwani maua yao hutoka kwenye vichipukizi vipya. Mfenesi huzaa kwenye shina na matawi manene, kwa hiyo safisha vijiti vyembamba vya ndani upate nafasi ya kuona na kuvuna.

Tawi lililo karibu na nyaya za umeme si kazi ya mwenye nyumba wala ya kijana wa mtaani mwenye panga. Mbao mbichi hupitisha umeme. Toa taarifa TANESCO, ZECO au Kenya Power wakate wao, na uitoe Februari, kabla ya pepo za mvua kulilaza tawi juu ya waya.

Uwanja uliofagiwa

Pwani uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba. Kila asubuhi majani hukusanywa kwa ufagio wa chelewa, yanarundikwa na kuchomwa, mara nyingi chini ya mti ule ule ulioyaangusha. Hakuna anayetaka kuuondoa usafi huo. Lakini kwa mti, desturi hiyo ina madhara matatu. Kwanza, majani yale ni chakula kinachorudi ardhini. Yakichomwa, naitrojeni yake huenda na moshi. Pili, udongo ulio uchi huchomwa na jua na kugongwa na mvua hadi ukawa mgumu kama sakafu, na maji ya masika hupita juu bila kuingia. Tatu, moto wenyewe: gome la mwembe mnene linaonekana gumu, lakini tabaka hai liko milimita chache tu ndani. Joto la rundo la majani huliua upande mmoja, na mwaka mmoja baadaye gome la upande huo linapasuka na mchwa wanaingia.

Kuna njia ya kuwa na vyote. Chora duara chini ya mti, litenge kwa mawe au matofali yaliyozikwa nusu, na kila kinachofagiwa kiingie humo. Nje ya duara uwanja ubaki mweupe. Matandazo yawe na kina cha sentimita 10 hadi 15, yasiguse shina: acha nafasi wazi ya sentimita 20 pande zote. Matandazo yaliyoegemea shina hulifanya gome libaki na unyevu na kuoza, na huwapa mchwa njia ya kupanda bila kuonekana. Majani ya mwembe ni magumu na huoza polepole, kwa hiyo yachanganye na nyasi kavu zisizo na mbegu, maganda ya ndizi au pumba. Anayehofia nyoka ajue kwamba wanajificha kwenye vichaka na marundo ya mbao na mawe. Tabaka la majani lililotandazwa sawasawa bila nyasi ndefu haliwapi maficho kama hayo, ila mawe ya duara yazikwe vizuri yasiwe na matundu.

Ukoko wa udongo upasuliwe kwa uma wa bustani kabla ya kutandaza: choma kina cha sentimita 10, tikisa, toa, bila kugeuza. Usilime kwa jembe. Mizizi inayonyonya chakula, na ya mparachichi hasa, iko kwenye sentimita 20 hadi 30 za juu, na kila jembe linapoingia linaikata.

Kosa jingine la mijini ni udongo au kifusi kinachorundikwa shinani wakati wa kusawazisha kiwanja, au vitofali vya pevingi vinavyosukumwa mpaka kwenye gome. Shina na mizizi si kitu kimoja. Gome la shina halikuumbwa kukaa chini ya ardhi. Mti ulio salama huonekana ukitanuka pale unapoingia ardhini. Ukiuona umeingia wima kama nguzo, umefukiwa: fukua taratibu kwa mkono mpaka uone mizizi ya kwanza. Pevingi iache mita moja na nusu ya udongo wazi kuzunguka shina, na kwa mti mkubwa zaidi ya hapo.

Kulisha, mvua zikishaingia

Subiri mvua mbili au tatu za maana, udongo ulowe kina cha kiganja. Samadi inaweza kutangulia wiki mbili, mradi imeiva: haina joto, hainuki, na huwezi kutambua ilikuwa nini. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa, na ya kuku ndiyo kali kuliko zote.

Chakula kiwekwe pale mti unapokula. Saa sita mchana, jua likiwa juu ya utosi, tazama ukingo wa kivuli chini. Kuanzia nusu ya umbali kati ya shina na ukingo huo, hadi hatua moja nje yake, ndilo eneo lenye mizizi mingi ya kunyonya. Mbolea inayorundikwa kwenye kitako cha shina haifikii mizizi hiyo, na huchoma gome.

Kwa mti wa mwaka mmoja hadi miwili, debe moja la samadi na gramu 100 hadi 150 za NPK (mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), zikigawanywa mara mbili, zinatosha. Mti wa miaka mitatu hadi mitano upewe madebe mawili hadi matatu na kama nusu kilo. Mti mkubwa unaozaa upate madebe manne au matano, na kilo moja hadi moja na nusu. Asiye na mizani atumie kizibo cha soda, ambacho hubeba kama gramu 5. Nusu itiwe mwanzoni mwa mvua, nusu wiki sita baadaye kabla mvua hazijakatika. Nyunyiza juu ya udongo baada ya kusogeza matandazo, changanya juu juu, rudisha matandazo. Urea ikiachwa wazi kwenye udongo wenye joto, sehemu kubwa huruka kama amonia, na ile harufu kali unayoinusa ni fedha yako. Ifukie sentimita chache siku hiyo hiyo.

Mwembe usipewe mbolea ya naitrojeni kuanzia Mei. Utachipua majani wakati ulipaswa kupumzika, na pasipo kupumzika hauchanui vizuri. Mwembe uliostawi sana, wenye majani meusi mazito na usiozaa, mara nyingi umeshibishwa kupita kiasi, au mizizi yake imefika kwenye karo la maji machafu.

Hapo ndipo wengine hupigilia misumari shinani ili mti "uogope uzae". Jeraha la gome kweli linaweza kuchochea maua, kwa sababu sukari inayoshuka huzuiwa na kubaki juu. Lakini unalipia mavuno hayo kwa kidonda kinachooza kwa miaka, na msumari utakuja kuvunja msumeno wa mtu. Pogoa kwa ajili ya mwanga na upunguze naitrojeni. Ni njia ya polepole yenye uhakika zaidi. Msumari kwenye mpapai dume ni bure kabisa, kwani jinsia ya mpapai imo ndani ya mbegu.

Mrututu na chokaa

Dawa ya zamani ya ukungu, iliyotangazwa mwaka 1885 kutokana na mashamba ya zabibu ya Bordeaux huko Ufaransa, bado ni ya bei ndogo na inafaa nyumbani. Kwa lita 10: gramu 100 za mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, na gramu 100 za chokaa iliyozimwa. Mrututu uyeyushwe kwenye lita 5 za maji ndani ya ndoo ya plastiki, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa juu juu ya maji usiku kucha. Ndoo ya chuma italiwa. Chokaa ikorogwe kwenye lita 5 nyingine na kuchujwa. Kisha mimina mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga, si chokaa ndani ya mrututu. Rangi iwe samawati ya mbingu. Chovya msumari safi dakika moja: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha na dawa itaunguza majani, kwa hiyo ongeza kidogo upime tena. Itumike siku hiyo hiyo.

Inyunyiziwe siku kavu kabla ya mvua kubwa, kwenye majani na matawi ya mwembe na mchungwa, na kwenye mashina. Isinyunyiziwe kwenye maua, wala karibu na bwawa la samaki, maana shaba huwaua. Shina la mchungwa likitoa gundi karibu na ardhi na gome likalainika, kwangua sehemu iliyokufa mpaka ufikie gome zima, acha likauke siku moja, kisha paka dawa ile ile iliyotengenezwa nzito: gramu 100 kwa 100 kwa lita moja ya maji. Ugonjwa huo huletwa na kimelea cha udongoni kinachorushwa na matone ya mvua, ndiyo maana mahali palipobebeshwa panapaswa kuwa sentimita 20 au zaidi juu ya ardhi.

Wadudu: wa kuondoa na wa kuachwa

Nzi wa matunda waharibuo maembe na machungwa leo, kwa sehemu kubwa, ni wageni kutoka Asia waliogunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea haraka. Jike hutaga chini ya ganda, funza hula ndani, tunda huanguka, funza hutoka na kujizika sentimita chache kwenye udongo chini ya mti. Kila embe bovu linaloachwa chini Februari ni kitalu cha nzi watakaoshambulia mapera ya Machi na machungwa yanayofuata. Okota yote, yaliyoanguka na yaliyokaukia mtini, tia kwenye mfuko mweusi wa nailoni nzito, funga kabisa, weka juani kwa wiki moja. Au fukia kina cha sentimita 60. Kuyatupa jalalani ni kuwahamisha tu. Kuku wakiachwa kuparua chini ya mwembe mwezi huu watakula vifukofuko vingi. Mitego ya harufu ya dukani huvuta madume peke yake: itakuonyesha nzi wapo na itapunguza, lakini bila kuokota matunda haiokoi msimu. Kokwa nazo zikusanywe, kwani fukusi wa kokwa ya embe hutokea humo na kujificha kwenye nyufa za gome mpaka maembe machanga yatokee tena.

Kabla ya kuchoma viota vya majani yaliyoshonwa pamoja, ujue ni vya nani. Maji moto, wale chungu wekundu wakali, ni walinzi. Hula na kufukuza wadudu wanaofyonza minazi, mikorosho na maembe, na nzi wa matunda hukwepa kutaga mahali chungu hao wanapotembea. Utafiti wa mikorosho wa Naliendele, Mtwara, umewashughulikia kwa sababu hiyo. Kweli wana kasoro: huchunga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, kwa ajili ya maji yao matamu. Ila kwa mwembe faida inazidi. Siku ya kupogoa paka majivu mikononi na miguuni, kata asubuhi na mapema, na viota vilivyo kwenye matawi yaliyokatwa vining'inizwe kwenye tawi la mti huo huo, si mti wa kundi jingine, maana watapigana hadi kuisha.

Masizi meusi juu ya majani ya mchungwa ni ukungu unaoota kwenye maji matamu ya vidugamba, vidukari au inzi weupe walioko upande wa chini. Kuosha masizi hakufai kitu wadudu wakibaki. Maji ya sabuni laini, vijiko viwili vya chai kwa lita, yapulizwe chini ya majani jioni, yarudiwe baada ya siku saba, mara tatu. Jaribu kwenye majani machache kwanza na usubiri siku mbili.

Miche mipya na wiki za mvua

Shimo lichimbwe sasa, lipandwe baadaye. Urefu, upana na kina sentimita 60, udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya wa juu na madebe mawili ya samadi iliyoiva, rudisha, acha kichuguu cha sentimita 15 kwa sababu kitashuka. Baada ya wiki tatu na mvua mbili nzito, panda. Ondoa mfuko wote, hata kama muuza miche alisema utaoza. Mizizi iliyojizungusha ikatwe au inyooshwe, la sivyo itaunyonga mti baada ya miaka saba. Mwembe uwe mita 8 au zaidi kutoka ukutani, mchungwa 4 hadi 5. Mche ufungwe kwenye vigingi viwili vilivyo pembeni, kwa ukanda wa mpira wa baiskeli uliopinda kama namba 8, uachwe uyumbe kidogo, kwani shina linalotikisika ndilo linalonenepa.

Mparachichi ndio usiosamehe maji yaliyotuama. Majani yakiwa madogo, yamepauka na kunyauka wakati udongo umelowa, mizizi inaoza, na kumwagilia zaidi ni kuumaliza. Kimelea chake husafiri kwa kuogelea kwenye maji ya udongoni. Mahali pazito upandwe juu ya tuta la nusu mita, na kwa uliopo tayari, chimba mtaro mwembamba nje ya ukingo wa kivuli ukiteremka kutoka kwenye mti, Februari hii hii, udongo ungali unachimbika.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, toka baada ya nusu saa ukaangalie maji yanasimama wapi. Dimbwi linalobaki zaidi ya masaa machache karibu na shina lifunguliwe njia siku hiyo. Na kila baada ya wiki mbili mpaka Mei, pita na mkono tu bila chombo: maotea ya mchungwa, vichipukizi vinavyosongamana kwenye mikato ya mwembe, kamba ya mche iliyobana. Vikiwa vidogo hivyo, hutoka kwa kidole.